Daftari la Saila

Saila ni muuguzi wa zamu ya usiku, mjini Oulu,
wodi ya mishipa ya fahamu, ghorofa ya nne,
ambako Januari jua huchungulia
kama mgeni aliyekosea mlango,
likaomba radhi, likaondoka.

Mwaka wa kumi na tisa huu.
Anayajua magonjwa kwa majina
kama watu wanavyowajua majirani,
na siku hizi majirani wanabisha hodi.

Kidole gumba kikichezacheza
anamwona mwalimu wa hesabu, kitanda cha sita,
aliyeanza hivi hivi, na kidole,
akidhani ni chaki.

Saa tisa usiku, chumba cha mashuka.
Anajifungia. Anakaa juu ya furushi la foronya,
anajigonga goti kwa kinyundo cha mpira.
Mguu unaruka.
Anagonga tena. Unaruka.
Mara ya tatu haukuruka sawasawa,
au uliruka, ila moyo ulitangulia.

Kwa wagonjwa sauti yake ni maji ya uvuguvugu:
"Siku nyingine usingoje, bwana Niskanen.
Simu haiumi."
Kwake yeye simu ina meno.

Maana aliwahi kumsimamisha daktari Pesonen koridoni,
mara mbili, kahawa ya daktari ikipoa,
akaoneshwa kwamba hana kitu.
"Saila," daktari alicheka, "ungekuwa farasi
ningekununua leo."
Naye akacheka. Wote walicheka.
Hakuuliza tena.

Mganga hajigangi, sawa,
lakini wahenga hawakusema aende kwa nani
ikiwa waganga wote anakunywa nao kahawa.

Basi akanunua daftari.
Kanuni aliipata kwa Irmeli, msimamizi wake wa zamani:
Andika. Ngoja siku kumi na nne.
Kilichobaki, kipeleke.
(Ila kifua kikibana, ulimi ukiwa mzito,
usiandike kitu. Kimbia.)

Kope ya kushoto: imefutwa.
Ganzi, kidole cha mwisho: imefutwa,
alikuwa akilalia mkono.
Tezi shingoni: imefutwa baada ya mafua.
Kusahau jina la mke wa kaka yake: imefutwa,
hampendi.
Kidole gumba: siku ya tisa, bado,
ingawa jana alikisahau mpaka jioni.

Daftari safi, mistari imenyooka.
Ungeliona ungesema: mtu huyu anajitunza.

Usiku wa leo ameletwa mama mmoja, Tellervo Ahola,
na Saila anajaza fomu, swali baada ya swali.
Usingizi? Mama anafikiri. Mbaya kidogo.
Hamu ya kula? Anafikiri.
Choo?
"Kawaida."

Upesi mno.
Saila anainua macho.
Anaijua kasi hiyo. Ni yake.
Tangu Septemba kila asubuhi amekuwa akivuta maji
kabla hajatazama,
na akitazama, kabla hajaona,
na akiona, ni bawasiri tu, ni kukaa sana,
yeye ambaye kazini hakai.

Wekundu ule haumo daftarini.
Hofu zilizopiga kelele alizipa mstari kila moja.
Iliyonyamaza
alinyamaza nayo.

"Mama Ahola," anasema, taratibu,
"tulirudie swali hilo. Mimi na wewe."

Saa mbili asubuhi, kwenye maegesho, bado giza.
Mkono mmoja unakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
mwingine umeshika simu, muziki wa kungojea,
wewe ni wa saba,
wewe ni wa tano.
Mara mbili kidole kinakwenda kukata.
Gumba lile lile. Linatetemeka,
na safari hii anajua kwa nini.

"Kituo cha afya, habari ya asubuhi. Jina?
Kazi yako?"

Pumzi yake inasimama hewani, nyeupe.
"Leo niandike mgonjwa."

Alhamisi, saa tatu na robo.
Anaiandika kwenye ukurasa mpya
bila jina la ugonjwa wowote,
anafunga daftari, anarudi kukwangua:
tundu dogo tu limepatikana,
la kutosha kuona barabara
ukiinama.